Q Bila U

Mlango wa friji yangu una orodha.
Si ya mboga, si ya deni la dukani kwa Faraji.
Ni maneno mafupi ya Kizungu,
yale yenye Q isiyofuatwa na U,
niliyoyaandika kwa kalamu ya wanja
siku ile wino ulipoisha.

Shuleni Tudor mwalimu aliiruka herufi hii.
"P, R," alisema, na chaki ikapita haraka
kama mtu apitaye nyumba ya anayemdai.
Kiswahili hakikuipa Q hata kigoda.
Basi Jumamosi za mwanzo, kule Ganjoni,
ghorofani juu ya fundi wa mafeni
(na feni letu wenyewe halizunguki),
nikiichomoa mfukoni nilihisi nimeokota kaa la moto:
alama kumi, na pa kuiweka sina.

Shamsa Bausi ndiye aliyenipa orodha.
"Yasome kwa mdomo," alisema, "si kwa macho."
Nikayasoma.
Qat. We! Si ile miraa
anayouza mjomba Mwembe Tayari,
imefungwa kwa jani la mgomba?
Qadi. Huyu hata ofisi yake naijua,
nimekaa kwenye benchi lake asubuhi tatu,
faili la kijani mapajani.
Faqir. Niqab. Qibla.
Kumbe si Wazungu hawa!
Ni majirani zetu, wamekwenda ng'ambo,
wamerudi na pasipoti, wanajifanya hawatujui.
Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na jingine,
la herufi tano.
Hilo sikulisoma kwa mdomo.

Fainali nilicheza na Mwakio wa benki,
mtu wa Wundanyi, mpole, apangaye vigae vyake
kama anayehesabu noti mpya.
Alinizidi thelathini na moja.
Mfuko mtupu. Kwangu vimebaki vinne:
T, L, A, Q.
Naye, kwa kuteleza, ameiacha A yake peke yake
karibu na mraba mwekundu wa pembeni,
ule unaolipa neno mara tatu.

Mara tatu.
Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.
Mimi lilinijia kwa simu, saa nne usiku,
nikikatakata bamia:
neno moja, na tena, na tena,
bila nukta, bila hata jina langu mbele.
Na aliyeliandika
hakuangalia kamusi.

Saa ya mchezo inakula dakika zangu.
Chini fundi anajaribu feni la mtu, linaguguma.
Nikaweka T. Nikapisha A yake. Nikaweka L, nikaweka A.
Mkono haukutetemeka; ni kidole kimoja tu.
Q ikaingia mwisho, juu ya wekundu.

"Lipo hilo?" Mwakio akauliza, kwa adabu.
Mwamuzi akafunua kamusi. "Limo."
"Maana yake nini?"
Nikamwambia, "Arubaini na mbili."
Akaandika. Kisha akalisoma tena kimyakimya,
midomo ikitikisika,
na macho akayarudisha kwenye hesabu.

Zawadi ilikuwa chupa ya chai, nyekundu, ya lita moja.
Nuswaiba aliipokea mlangoni, akaikumbatia,
akauliza nilishindia neno gani.
Nikatazama friji, nikatafuta fupi kuliko yote.
"Qi," nikasema. "La Kichina. Maana yake pumzi."
"Herufi mbili tu, mama?"
"Mbili tu."
Hakuniamini. Akalisogelea,
akalijaribu kwa sauti, mara moja, polepole,
na ile karatasi ikapepea
kwa upande wa chini.